Kijiti Chenye Alama Tatu

Nyambureti, Jumamosi mchana

Mwanangu Bhoke,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana nimekuona asubuhi hii ukinywa uji umesimama, jicho moja kwenye kikombe na jingine kwenye mnyororo wa pikipiki. Umekwenda Nyarero kumuaga mjomba wako Mwita, na najua utarudi kwa njia ya milimani, si kwa barabara, kwa hiyo ninao mchana mzima wa kuandika kabla hujafika. Kesho alfajiri basi litakuchukua kwenda nyanda za juu za kusini, mbali kuliko mtu yeyote wa nyumba hii alivyowahi kwenda kutafuta kazi.

Begi lako nimeliona. Sina la kuongeza. Blanketi, dawa ya malaria, namba za ndugu walio karibu na huko, hayo baba yako ameyasema mara mbili na shangazi zako wameyarudia. Mimi nataka kuandika juu ya kijiti.

Unakijua ninachokisema. Najua pia kwamba ukifika hapa utataka kuikunja barua, kwa sababu umejifunza kucheka kila kijiti kile kinapotajwa, na mtu aliyekwisha kujifunza kucheka hapendi kurudishwa nyuma. Nivumilie. Nimeshindwa kulisema jambo hili kwa mdomo kwa miaka minane, na sina hakika kwamba nitaliandika vizuri. Lakini Jumanne iliyopita ulisema neno lililonionyesha kwamba siwezi kukuacha uondoke nalo.

Ulikuwa ukimsomea baba yako ujumbe kutoka kwenye kambi ya watalii ulikopata kazi. Wanataka uchague kabla ya siku ya kuripoti: ama ukae karakana ukitengeneza pikipiki za wageni, ama ufundishwe kuwaongoza wageni hao njiani, kupanda nao milima, kuvuka nao vijito, kuwaonyesha mabwawa wanamokaa samaki. Baba yako akasema hapo pana nini cha kufikiri, wakati binti mwenyewe tangu ana miaka tisa ukimtafuta hapatikani ila juu ya pikipiki au kando ya maji. Nawe ukamjibu, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja urefu wake:

"Baba, niache na spana zangu. Kwenye maji siaminiki."

Baba yako akacheka. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mboga, na mikono yangu ikasimama.

Ngoja nianze nyuma kidogo, kwa sababu nataka uone nilivyokuwa kabla ya siku ile. Pengine unanikumbuka kama mtu aliyejua alichokuwa akifanya. Nilirudi kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya jiografia, nikaanza kufundisha, na kwa miaka kadhaa niliwachorea wanafunzi mito ubaoni kwa chaki ya bluu: chanzo, mkondo, mdomo. Sikuwa nimewahi kutumbukiza ndoano majini. Ni mdogo wangu Mwita aliyenicheka siku moja kwamba nafundisha mto kama mtu anayefundisha ndoa kutoka kwenye cheti. Nikamwambia anipeleke. Sikuwa na sababu nyingine, ila kwamba alikuwa amesema kweli na iliniuma.

Hivyo ndivyo safari zetu zilivyoanza. Unakumbuka mpangilio wake: tunaondoka hapa wakati umande bado uko kwenye majani, mimi nikiendesha pikipiki ya baba yako nawe nyuma yangu umeshikilia fito za kuvulia kama mikuki, tunavuka daraja la Mto Mara, tunaingia upande wa Tarime, kisha Mwita anatupokea njia panda na tunaiacha barabara. Hapo tunasimama kupunguza upepo wa tairi, na kuanzia hapo ni njia za ng'ombe, mawe, makorongo, na ile miteremko ambayo ulinitaka nisishike breki ya mbele hata kama moyo unaniambia niishike. Ulikuwa na miaka kumi ulipouliza kwa nini pikipiki hunyooka usipoiogopa na huyumba ukiiogopa. Nilikupa jibu refu la fizikia. Baadaye nililipima jibu lile njiani na nikaona halikueleza hata nusu ya jambo.

Wanawake wa kule kwetu Nyarero walitungoja kwenye kilele cha mlima wa kwanza, au ndivyo ilivyoonekana, maana hawakukosekana hata mara moja. Walikuwa wakinisalimia kwa heshima zote za mwalimu, kisha mmoja wao anauliza ile suruali nimeiazima kwa mume. Siku moja nikamjibu kwamba hapana, yangu, ni mume ndiye huiazima. Walicheka hadi tulipopotea kwenye kona ya pili, na wewe mgongoni mwangu ulicheka zaidi yao.

Nilipenda udadisi wako kuliko samaki. Ni wewe uliyetaka kujua kwa nini mumi, yaani kambare, aache mnyoo mzuri na kukimbilia kipande cha sabuni ya kufulia. Mwita alisema ni kwa sababu mumi ni samaki mchafu anayejijua. Nikasema labda ni harufu ya mafuta yaliyomo ndani ya sabuni. Wewe ukakata vipande viwili, kimoja cha sabuni na kimoja cha mafuta ya ng'ombe, ukavitega vyote asubuhi nzima, ukaandika kwenye daftari la hesabu mumi wangapi wamekula wapi. Ilitoka sare. Ulikasirika sana kwamba dunia haikukupa jibu. Bado ninalo daftari hilo.

Sasa kijiti. Nitakieleza kana kwamba hukijui, kwa sababu nataka kila kitu kiwe wazi kati yetu. Wavuvi wa vijito vile vya milimani hawafungui mshipi kabla mtu mmoja hajakata kijiti, akakitia alama tatu kwa panga, akakisimika pale ukingo wa maji ulipo wakati wa kufika. Aliyekisimika ndiye anayekilinda, na hakuna mwingine anayekigusa mpaka safari iishe. Maji yakifika alama ya kwanza, mlinzi anasema. Yakifika ya pili, watu wanakunja mishipi na kuvuka. Yakifika ya tatu, mnalala upande huo huo mliopo. Mwita alikufundisha hayo ukiwa na miaka kumi na moja, na ulipofika kumi na miwili akasema sasa mlinzi ni wewe, mimi na yeye macho yetu yanaangalia samaki tu.

Siku ile tulikuwa tumevuka asubuhi na pikipiki zote mbili pale penye mawe bapa, maji yakiwa chini ya vikanyagio, tukakaa ng'ambo kwenye bwawa lililo chini ya mwamba. Anga lilikuwa safi kabisa. Ulitafuta kijiti, ukapata kimoja tu cha kufaa, chenye panda juu kama manati. Ukakitia alama zako tatu, ukakisimika, ukakaa karibu nacho mpaka kama saa saba mchana. Kisha Mwita akakuomba ukachimbe minyoo mingine kule juu penye udongo mweusi. Ukakitazama kijiti, ukasema bado, ukaenda.

Ufito wangu ulikuwa ukianguka. Nilikuwa nimeuegemeza kwenye jiwe na kila upepo ukivuma unalala. Nilihitaji mti wenye panda wa kuuegemeza, na mti wenye panda ulikuwa pale, hatua nne kutoka nilipokaa. Mwita alikuwa amelala, kofia usoni. Bhoke, mimi ndiye niliyekichomoa kijiti chako.

Nilijua mwiko wake. Sikusahau. Nilijiambia ni kwa muda mfupi, na kwamba mwiko kama ule ni wa watu wasioelewa kwa nini wanaufuata, ilhali mimi naelewa. Sentensi hiyo niliitamka ndani ya kichwa changu kwa Kiswahili kizuri kabisa. Mara mshipi ukavutwa. Alikuwa mumi mkubwa, yule mliyemsifia baadaye, na katika kushindana naye sijui dakika ngapi zilipita. Nilipomtoa nikainua uso, nikakuona unashuka mlimani na kopo la minyoo. Niliona aibu. Nikakichomoa kijiti upesi, nikakirudisha ukingoni, mguu wake ndani ya maji kama ulivyokuwa umekiacha.

Nilikirudisha pale maji yalipokuwa wakati ule. Sikukirudisha pale kilipokuwa mwanzo. Mimi, mwalimu wa jiografia, ambaye kila mwaka huwaambia wanafunzi kwamba kipimo kinaanza na sifuri isiyohama, niliihamisha sifuri kwa mkono wangu.

Kuna jambo moja dogo zaidi, nalo ndilo linalonisumbua kuliko hata hilo. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimehamisha viatu vyangu. Nilikuwa nimeviweka juu ya jiwe kavu, nikageuka nikakuta soli moja imeloa, nikavisogeza juu bila kufikiri chochote. Maji yalikuwa yameniambia yanapanda, yameniambia kwa kiatu changu mwenyewe, nami nikawaza juu ya kiatu.

Ulifika, ukaweka kopo chini, ukakitazama kijiti. Kisha ukatazama bwawa kwa muda mrefu. Haya maneno nayakumbuka yalivyo, maana nimeyasikia tena na tena kwa miaka minane.

"Mama, mbona lile jiwe lenye doa jeupe limezama?"

Nikakujibu bila kuacha kumtoa yule mumi ndoano: "Usiangalie jiwe. Kipimo ni kijiti."

Ukageuka kwa kijiti. "Kijiti kinasema bado," ukasema.

"Basi bado," nikasema.

Tulikaa tena, labda saa nzima. Tulipokunja mishipi, kijiti chako kilionyesha maji hayajapita alama ya kwanza. Mwita akatangulia na pikipiki yake. Hakuwa amefika mbali. Nilisikia injini ikikohoa mara mbili, ikanyonya maji, ikazima. Badala ya kuiachia pikipiki akaishikilia, kama sote tunavyoshikilia vitu vyetu, mkondo ukaisukuma ikamlalia, na mguu wake ukabaki kati ya chuma na jiwe. Tulipomvuta hadi ukingoni mimi na wewe, pikipiki ilikuwa imekwenda. Waliipata siku ya pili chini kabisa kwenye miiba, tangi limejaa mchanga.

Alikuwa amekaa chini, uso umebadilika rangi, nami nikimfunga mguu kwa khanga yangu na fito mbili. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Nani alikuwa analinda kijiti?"

"Ni mimi, mjomba," ukasema.

Mikono yangu ilikuwa na kazi, Bhoke. Mdomo wangu haukuwa na kazi yoyote.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza, na kila jibu ninalopata linaonekana zuri mno kuwa la kweli. Nilijiambia kwamba kwanza afike hospitali. Baada ya hospitali nikasema kwanza mguu upone. Mguu ulipoanza kupona, habari ilikuwa imekwisha kusimuliwa Nyarero nzima na nusu ya Nyambureti, na habari ikishasimuliwa kiasi hicho inakuwa kama nyumba iliyoezekwa, kuibomoa kunahitaji watu wengi kuamka. Labda pia niliogopa kudharauliwa na Mwita. Labda niliogopa kudharauliwa na wewe. Sababu niliyo na hakika nayo ni ndogo kuliko zote: ulipokubali kosa, ulikubali upesi na kwa utulivu, na utulivu wako ulinirahisishia.

Kisha ikaja ile mizaha. Hakuna sikukuu iliyopita bila mtu kubandika chai jikoni na mwingine kuita kutoka barazani, "Bhoke, hebu tulindie hayo maji yasije yakafurika." Mjomba wako mwenyewe, akiingia hapa na fimbo yake, unamwamkia shikamoo na yeye anajibu, "Marahaba, mlinzi wa mto." Ulikuwa ukicheka. Mimi pia nilicheka. Nataka uisome sentensi hiyo mara mbili, kama nilivyoiandika kwa tabu: mimi pia nilicheka.

Kulikuwa na mabadiliko ambayo niliyaona, nikayaita kukua. Ulianza kuuliza kila kitu mara mbili. Ukiona wingu, unauliza kama nami naliona. Ulikuwa na miaka kumi na sita uliposikia mlio mbaya kwenye shokapu ya nyuma, ukataka mimi na baba yako tusikilize kabla hujaifungua, na ilikuwa imekatika vibaya kama ulivyosema. Mtoto aliyepima sabuni na mafuta ya ng'ombe kwa asubuhi nzima alikuwa ameacha kuamini macho yake, na mimi ndiye niliyemwambia asiangalie jiwe.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Nimerudi pale. Si mara moja, mara tano, nikikuambia nakwenda kumwona bibi yako, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini si lote. Nilitaka kujua ni kiasi gani maji yalikuwa yamepanda kati ya kijiti chako na kijiti changu. Nilisimika vijiti viwili, kimoja nikakiacha, kingine nikakihamisha kila nusu saa, nikaandika. Siku tatu hakikutokea kitu, nikavua mumi wawili. Siku ya nne, anga likiwa safi kama lile la siku yetu, niliona kijiti kilichoachwa kikimezwa na maji hadi alama ya kwanza, kisha ya pili, huku kile cha kuhamishwa kikiendelea kusema bado, bado, bado. Nilisimama pale nikasahau kabisa kwamba nilikuja kwa majuto. Lilikuwa jambo la kushangaza kuliangalia: vijiti viwili, mto mmoja, na kila kimoja kikisema kile kilichopangwa kusema.

Palikuwa na mama mmoja akilowesha mihogo kando ya maji. Alikuwa ameniona safari zote hizo, na siku hiyo akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, unatafuta nini kila siku na hivyo vijiti?"

Nikamwambia nataka kujua maji hupandaje bila mvua.

"Bila mvua yako," akasema. "Wewe unaangalia mawingu ya hapa. Haya maji ni ya kule nyuma ya milima. Mimi naangalia majani makavu. Yakianza kupita katikati badala ya pembeni, naokota mihogo yangu."

Nilimuuliza kwa nini katikati. Akanitazama kwa huruma, akasema yeye hajui kwa nini, anajua lini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya majani hayo. Nadhani ninayo maelezo, lakini nimejifunza kuyashuku maelezo yangu yanapokuja upesi. Ukipata nafasi huko uendako, angalia vijito vyao, uniambie kama majani ya huko nayo yanafanya hivyo.

Juzi Alhamisi nilikwenda kwa Mwita nikamweleza yote. Niliona si haki wewe uujue ukweli naye aendelee kukuita mlinzi wa mto. Nilimkuta anapura mahindi, nikakaa juu ya gunia, nikasema kila kitu kuanzia panda ya kijiti hadi kiatu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kupura kwa muda.

"Dada," akasema mwishoni, "miaka minane nimechechemea kwa jina la mtoto?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa na mimi nikwambie. Niliyaona yale maji. Yalikuwa yamegeuka rangi. Niliyaona kabla sijawasha pikipiki." Akatupa gunzi pembeni. "Nilikuwa nimewaahidi watu wa ukoo kwamba jioni nitakuwepo kwenye kikao cha posa, na nilikuwa nimewaambia nitafika na pikipiki mpya. Nikasema kijiti kikisema bado, mimi ni nani."

Tukatazamana. Kisha mdogo wangu, ambaye ana mguu mmoja mfupi kwa sababu yangu au kwa sababu yake, akaanza kucheka, akasema kumbe tulikuwa wakubwa wawili tumejificha nyuma ya mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe mwembamba vile. Sikuweza kucheka naye, ila nilikaa mpaka mahindi yakaisha. Nimemwomba asikuambie leo, kwamba hilo ni langu. Alisema atajitahidi, lakini kwamba hatakuita tena lile jina na kama utamuuliza kwa nini, hatadanganya. Kwa hiyo inawezekana kwamba unaposoma hapa tayari unajua. Kama ni hivyo, ujue pia kwamba nilikuwa naandika kabla hujafika.

Maneno ya Mwita yameniharibia hitimisho langu, na ni vizuri. Kwa miaka minane niliamini kwamba mguu ule ulivunjwa na mkono wangu. Sasa sijui. Pengine hata kama kijiti kingebaki kilipokuwa, na alama ya pili ikamezwa mbele ya macho yetu, Mwita angevuka kwa sababu ya kikao chake. Pengine asingevuka. Siwezi kuirudia siku ile na vijiti viwili. Kuna kitu kimoja tu katika habari yote hii ambacho nimekipima kila upande na hakiyumbi: kulikuwa na watu watatu ukingoni, wakubwa wawili walioona dalili na kuziacha, na mtoto mmoja aliyeona jiwe limezama, akasema.

Ulisema. Hukulala, hukucheza, hukusahau. Uliyaona maji yakipanda kwa macho yako matupu, kinyume cha kipimo kilichokuwa kimeharibiwa, na ukalisema kwa sauti mbele ya mama yako. Niliyekunyamazisha ni mimi.

Sikuandikii haya ili uchague njia na kuiacha karakana. Niliwahi kudhani kwamba nikikuambia ukweli nitakuwa na haki ya kukuambia na la kufanya, na nimeona kwamba haki hiyo haipo. Kama unazipenda spana, kaa nazo. Nimeona unavyofungua injini, unaigusa kana kwamba unaiuliza swali. Kama unataka milima na samaki na wale wageni wanaosubiri mtu wa kuwaambia vukeni au ngojeni, nenda nao. Lakini sentensi ile uliyomwambia baba yako, kwamba kwenye maji huaminiki, haikuwa yako. Niliiweka mimi mdomoni mwako ukiwa na miaka kumi na miwili. Naomba unirudishie. Chagua bila hiyo.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi la kesho. Muda ni mfupi, na msamaha wa haraka ungekuwa kama utulivu wako wa siku ile, ungenirahisishia mimi. Ukae nayo. Ukasirike ukiwa Singida, ukasirike zaidi ukifika Iringa, unipigie simu unigombeze ukiwa mlimani, nitapokea. Nilifikiri kuificha barua hii chini ya begi uikute ukiwa mbali, kisha nikaona hilo lingekuwa kunyamaza kwa mara ya pili. Nitakupa mkononi jioni hii, na nitakaa hapa hapa barazani wakati unaisoma.

Nakusikia sasa. Injini inashuka mteremko wa upande wa pili. Imefika kwenye kijito chetu cha bondeni, kile kidogo ambacho kuku wanakivuka, na imezima. Hufanya hivyo kila siku. Kwa miaka minane, hata wakati wa kiangazi, umezima pikipiki pale, ukashuka, ukasimama kutazama maji kabla ya kuvuka, na sisi hapa juu tumekuwa tukisema, mwoneni, bado anaogopa. Leo ndiyo mara ya kwanza nawaza kwamba pengine haikuwa hofu. Pengine muda wote huo kuna kitu ambacho umekuwa ukikiona pale, nasi hatukuuliza.

Imewaka tena. Unapanda. Kabla sijakupa barua hii nitakuuliza kwanza huwa unatazama nini, na safari hii nitanyamaza mpaka umalize kunijibu.

Mimi niliyekichomoa,
mama yako